Kuchagua Mshono wa Jeraha la Mnyama

Ndugu wasomaji, hasa ninyi wa madarasa ya sayansi, nanyi wakubwa wetu mliokwisha maliza hapa ambao sasa mna ng'ombe wenu na madaftari ya maziwa, nataka kuwaeleza jambo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama. Mnyama anapopasuliwa, watu hukusanyika kutazama kisu. Ndama akitoka hai hupiga makofi, kisha hutawanyika wakidhani kazi imekwisha. Lakini kisu kimefanya kazi ya dakika chache tu. Kazi ndefu ni ya sindano, na ndani ya kazi hiyo mna swali moja kubwa: mshono gani ufanywe mahali gani, na kwa nini?

Katika likizo mbili niliruhusiwa kubeba mkoba wa daktari mmoja wa mifugo wa Mbarara, kuchemsha vyombo vyake na kumshikia taa. Sikupasua mnyama wala sikumshona, maana kazi hiyo ina sheria yake, na pale Makerere husomewa kwa miaka mitano. Kazi yangu ilikuwa kutazama na kuuliza, na jioni kuandika. Mara nyingi tulikwenda Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, kadiri ya kilomita 60 kutoka Mbarara, ndiko kwetu. Makazi hayo ya wakimbizi yamekuwapo tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipokuja watu wa Rwanda, na baada yao wamekuja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Kila taifa lina lugha yake, lakini penye mbuzi mgonjwa wote husema Kiswahili. Nataka msomaji aelewe ya kuwa ng'ombe wa huko si mali ya fahari. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipopunguzwa kwa familia nyingi, aliyekuwa na ng'ombe mmoja alikuwa na maziwa, na ada ya shule, na akiba ya siku ya ugonjwa, vyote katika ngozi moja. Kwa hiyo ngozi hiyo ikipasuliwa, namna ya kuifunga si jambo dogo.

Tuanze na gunia. Kila mtu wa Nakivale amefungua gunia la posho lililoshonwa kwa mashine. Ukiupata uzi wenyewe na kuuvuta vema, mdomo wote hufunguka kwa mara moja. Usipoupata, utahangaika mpaka uombe kisu. Mshono wa daktari uitwao wa mfululizo ni ndugu wa mshono ule, ingawa haufunguki kwa wepesi namna hiyo. Uzi ni mmoja, una fundo mwanzo na fundo mwisho, na katikati sindano hupita tu ikirudia. Faida yake ni kwamba ni wa haraka, hutumia uzi mchache, na nguvu ya mvuto hugawanyika sawasawa njia nzima. Hatari yake mmekwisha kuiona: fundo moja likilegea, au uzi ukikatika mahali pamoja, mstari wote unaweza kulegea.

Wa pili ni mshono wa moja moja. Kila mara sindano inapopita, uzi hufungwa fundo na kukatwa. Ukiwa na mishono 20, una mafundo 20, na moja likifunguka 19 bado yamesimama. Lakini huchukua muda mrefu, na uzi huisha. Tena kila fundo ni kitu kigeni ndani ya mwili, nao mwili haupendi vitu vigeni.

Nilipofika hapo nilidhani nimeelewa: wa moja moja ni bora, wa mfululizo ni wa wavivu. Daktari alicheka. Akaniambia, "Kijana wangu, usiniulize mshono upi ni bora. Niulize kwanza unashona nini." Na kweli mambo yote yanatoka katika swali hilo.

Ngozi inataka ncha zake mbili zikutane tu, ukingo kwa ukingo, bila kupandana. Ngozi ya ng'ombe ni ngumu kama kiatu, kwa hiyo sindano yake ina pembe tatu zenye makali. Misuli haina shida ya kukutana. Shida yake ni kwamba ni laini, na uzi ukikazwa sana hukata nyama kama uzi ukatavyo sabuni. Kwa hiyo misuli hushonwa kwa mfululizo na kwa mkono wa upole, kwa sindano ya mviringo isiyo na makali ya pembeni. Iko misuli ambayo ina utando mgumu mweupe juu yake, na hapo fundi hushika utando, maana ndio wenye nguvu.

Sasa viungo vilivyo wazi ndani, kama matumbo na mji wa mimba, vina sheria nyingine kabisa, na hapo ndipo niliposhangaa zaidi. Ukishona gunia la maharagwe unataka ncha zitazame nje. Ukishona tumbo la mnyama unataka ncha zitazame ndani! Sababu yake ilielezwa na mpasuaji wa Kifaransa, Antoine Lembert, mwaka 1826. Utumbo una ngozi nyembamba ya nje inayong'aa na kuteleza. Ngozi hiyo ikigusana na ngozi ya namna yake, hutoa maji yanayoganda, na baada ya saa chache tu pande mbili zimekwisha shikamana wala maji hayapiti. Lakini utando wa ndani, ule unaoguswa na chakula, haushikamani hivyo. Basi mshono wa Lembert huchukua ngozi ya nje upande huu, huruka juu ya jeraha, huchukua ngozi ya nje upande wa pili, na unapokazwa ncha zote mbili huingia ndani kama mkunjo wa suruali. Mshono wa Cushing hufanya kazi ile ile kwa kwenda sambamba na jeraha, bila kutoboa mpaka ndani. Wa Connell unafanana nao sana, ila wenyewe hutoboa mpaka ndani. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini si ndogo kwa mnyama: uzi uliogusa uchafu wa ndani na kutokea nje waweza kuwa kama utambi wa taa, ukanyonya uchafu na kuupandisha kule usikotakiwa.

Haya niliyaona Mbarara yenyewe. Ng'ombe wa mjini hula maganda ya matoke katika takataka, na pamoja na maganda humeza kavera. Kavera haisagiki. Hukusanyika katika rumeni, yaani lile tumbo kubwa la kwanza, mpaka ng'ombe anakonda huku tumbo limejaa. Ng'ombe niliyemwona alikuwa amesimama wakati wote, amefungwa katika njia nyembamba ya miti, na ubavu wake wa kushoto umechomwa dawa ya ganzi. Kabla ya kulifungua rumeni, daktari alilishonea kwanza kwenye kingo za jeraha pande zote, kwa uzi wa muda tu, ili vitu vya ndani visimwagike tumboni. Kisha yakatoka makavera, yaliyosokotwa pamoja kama kamba, na kipande cha wavu. Alipofunga alipita mara mbili: mstari wa kwanza wa mfululizo kuziba tundu, na juu yake mstari wa kukunja ndani. Kati ya mistari hiyo alibadili mipira ya mikono na vyombo. Rumeni ni pana kama debe, kwa hiyo hata kingo zikikunjwa ndani halipungukiwi na kitu. Lakini utumbo mwembamba wa mbuzi ukiukunja hivyo, njia huwa nyembamba mno, na chakula hukwama. Kwa utumbo wa mbuzi hukutanisha ncha kwa ncha, moja moja, bila kukunja. Msomaji aone basi: ni mbinu ile ile ya kukunja, inayomponya ng'ombe na kumwua mbuzi.

Mji wa mimba una mambo yake. Nyuzi na mafundo yaliyobaki nje yakigusa matumbo hugandamana nayo, na ng'ombe huenda asishike mimba tena. Kwa hiyo uko mshono uitwao wa Utrecht, kwa jina la mji wa Uholanzi wenye chuo cha mifugo. Sindano hupita kwa mshazari, na fundo la mwanzo na la mwisho hufichwa ndani ya mkunjo. Tena daktari huangalia sana asishone kondo la nyuma pamoja na mji wenyewe, maana likishonwa haliwezi kutoka.

Nilimwona akiushona mshono huo Nakivale, kwa mtamba wa mama mmoja mjane kutoka Kongo. Mtamba alikuwa wa Ankole mwenye umbo dogo, na mbegu aliyopandishwa ilikuwa ya fahali wa Kizungu. Ndama alikuwa mkubwa mno. Tulifika saa kumi jioni, na miguu ya ndama ilikuwa imetokeza tangu asubuhi. Yule mama alisema neno moja tu, "Munganga, huyu ndiye shamba langu." Ndama alitolewa amekufa. Hapo watu wengi wakaondoka, na nadhani wengine walikuwa wameanza kuhesabu kilo za nyama ya mama yake.

Wakati wa kufunga palikuwa na mabishano kidogo. Alikuwapo mzee mmoja msaidizi wa mifugo, mtu mwenye mazoea ya miaka mingi, ambaye husema wazi kwamba yeye hushona kila kitu kwa mfululizo kutoka juu mpaka chini. Daktari alikubaliana naye juu ya tabaka za ndani. Utando wa ndani wa tumbo na msuli wa kwanza vilishonwa pamoja kwa mfululizo; misuli miwili ya juu yake ikashonwa pamoja, mfululizo tena, na kila baada ya hatua chache sindano ilishika kidogo tabaka la chini ili pasibaki mfuko mtupu kati yake. Mfuko mtupu hujaa maji, na maji hayo ni chakula cha vijidudu. Halafu ikabaki ngozi, jeraha la urefu wa sentimita 35 hivi, jua likitua, na dawa ya ganzi ya lidokeini, ambayo haikai siku nzima, ikikaribia kuisha.

Kufunga ngozi yote moja moja kungetaka mafundo zaidi ya 25. Mtamba alikuwa amechoka, miguu ikitetemeka. Daktari alichagua mshono wa Ford, ambao kina dada wanaoshona blanketi wataujua mara moja: ni wa mfululizo, lakini kila mara sindano hupita ndani ya kitanzi kilichotangulia, hivyo kila hatua hujifunga kidogo. Ni wa haraka, nao hushika kuliko mfululizo wa kawaida. Akashuka nao kutoka juu. Alipokaribia chini akafunga fundo na kukata uzi, na sehemu ya mwisho, kadiri ya upana wa vidole vinne, akaishona kwa mishono minne ya moja moja.

Yule mzee akauliza, "Dokta, kwa nini unakata uzi wakati umebakiza kidogo hivi?" Daktari akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, maji hushuka chini. Kama usaha utakuja, utakuja hapa, na mimi nitakuwa Mbarara."

Siku ya sita usaha ulikuja. Sehemu ya chini ilivimba, ikawa ya moto, na mtamba akaacha kula. Barabara ilikuwa imeharibika kwa mvua. Mama alipiga simu. Daktari alimwagiza yule mzee msaidizi akate mishono miwili ya chini kabisa, asiguse kitu kingine chochote, akamuue kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, na kumchoma dawa kwa siku alizozitaja. Mimi nilishika ndoo. Ilitoka nusu kikombe cha maji mazito yenye harufu, na mshono wa juu haukusogea hata kidogo. Kama ngozi yote ingekuwa chini ya uzi mmoja, kukata chini kungelegeza mstari mzima. Na kutokukata kungeacha usaha utafute njia ya kupenya kati ya misuli. Yule mzee alitazama muda mrefu, kisha akaniambia niandike katika daftari langu ni vidole vingapi. Mtamba alipona, na maziwa anayo.

Jambo hili si geni katika nchi ya Uganda. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin, aliyekuja na wamisionari na ambaye alisomea utabibu, alimwona mganga wa Bunyoro, mahali paitwapo Kahura, akimpasua mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Felkin aliandika habari hiyo, nayo ilichapishwa Edinburgh mwaka 1884. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe ya ndizi. Damu aliizuia kwa chuma cha moto. Mji wa mimba hakuushona. Na msicheke, maana hata Ulaya wapasuaji wengi walikuwa hawaushoni, mpaka Mjerumani Max Sänger alipoonyesha faida yake mwaka 1882. Tumbo alilifunga kwa misumari saba ya chuma, myembamba na iliyosuguliwa ikang'aa, akaikaza kwa kamba ya gome la mti lile wanalotengenezea nguo. Misumari hiyo haikutolewa yote kwa siku moja. Ilitolewa kwa zamu, na kufika siku ya 6 yote ilikuwa imetoka. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiri mara moja juu ya mishono minne ya mtamba. Kila msumari ulisimama peke yake, kwa hiyo mganga aliweza kutoa mmoja na kuwaacha wenzake wakishika.

Pale ngozi inapovutwa sana, kwa mfano jeraha pana la pembe, mshono wa kawaida hukata ngozi. Hapo hutumika mshono wa godoro, uitwao hivyo kwa kuwa ndivyo magodoro yashonwavyo: uzi huenda na kurudi, hivyo mvuto hukaa mbali na ukingo. Ukiwa wa kulala sambamba na jeraha na ukikazwa sana, hubana mishipa ya damu na ukingo hufa. Ukiwa wa kusimama, damu hupita vizuri zaidi. Uko pia wa msalaba, ambao ni kama mishono miwili ya moja moja yenye fundo moja, nao huokoa muda.

Lakini liko jeraha ambalo mshono wake mzuri ni kutoshona. Mbuzi mmoja aliumwa na mbwa pajani. Mwenyewe alimpeleka kwa muuza dawa mmoja ambaye alimfunga vizuri sana, mishono midogo midogo ya kupendeza, jeraha likafichwa kabisa. Meno ya mbwa ni kama sindano chafu. Tundu juu ni dogo, uharibifu chini ni mkubwa. Siku ya nne paja lilikuwa limevimba mara mbili, na siku ya tano mbuzi alikufa. Jeraha la kuumwa, au lililokaa na udongo kwa saa nyingi, huoshwa sana, nyama iliyokufa huondolewa, na mdomo huachwa wazi upone kutoka ndani kwenda nje. Huchukua majuma, nalo linatisha kwa macho. Hata hivyo mnyama huishi. Kama uchafu ukiisha baada ya siku chache, daktari anaweza kulifunga wakati huo.

Juu ya uzi nitasema machache. Ndani hutumika uzi unaoyeyuka. Wa zamani ni katigati, utokao katika utumbo wa kondoo au ng'ombe. Usiotiwa dawa ya kuukawiza hupoteza nguvu katika juma moja au zaidi kidogo, uliotiwa hukaa majuma mawili au matatu. Siku hizi uko wa poliglaktini, uliotengenezwa na watu, ambao baada ya majuma matatu bado una karibu nusu ya nguvu yake. Ila bei yake ni kubwa. Nje, katika ngozi, hutumika nailoni, ambayo haiyeyuki. Nailoni huteleza na hutaka kurudi katika umbo lake, kwa hiyo fundo lake hurudiwa mara nne au zaidi, wakati katigati hutosha kwa mara chache, ila ncha zake huachwa ndefu kidogo kwa sababu huvimba ikilowa. Fundo lenyewe ni lile la mraba wanalofundishwa Skauti: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukikosea mpango huo fundo linaonekana sawa, ila huteleza.

Nyuzi za ngozi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na kwa ng'ombe wetu ambao hurudi malishoni mapema afadhali 14. Wafugaji wengi hukata mahali popote na kuvuta. Haifai. Uzi uliokaa nje una samadi na vumbi la siku zote hizo. Safisha kwanza kwa dawa, inua fundo kwa koleo, kata upande mmoja chini ya fundo, pale uzi unapoingia katika ngozi, ndipo uvute kutoka upande wa pili, ili kile kipande kilichokaa nje kisipite ndani ya nyama hata kidogo. Mshono wa Ford hukatwa kila kitanzi namna hiyo hiyo, usivutwe wote kwa mara moja kama wa gunia. Na zile moja moja za chini zihesabiwe: zilizoingia nne, zitoke nne, au mbili kama mbili zilikwisha katwa.